Shilingi Inayokwenda Shule

Wajukuu zangu, kila Januari mnasikia ikitangazwa kwamba elimu ni bure. Ada hakuna, hilo ni kweli. Lakini mwalimu anapokea mshahara, chaki inanunuliwa, na bati lililo juu ya vichwa vyenu darasani lilitoka dukani. Nani amelipa? Kaeni vizuri niwasimulie, maana fedha ya shule hutembea sana kabla ya kufika, na mara nyingi huanzia hapahapa kwetu Ngara na Biharamulo.

Tuanzie Benako, kwenye barabara ya Rusumo. Wakubwa wakisikia jina hilo hukumbuka Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka mpaka ndani ya siku moja tu. Siku hizi wanaojaa pale ni madereva wa malori. Mzigo unaokwenda Kigali haulipi ushuru wa forodha kwetu, unapita tu. Lakini dereva akishuka akanywa soda, ndani ya bei ya ile soda mna kodi. Bibi yenu akinunua mche wa sabuni, mna kodi. Fedha hizo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuingia Hazina. Kisha kuanzia Aprili hadi Juni, wabunge hukutana Dodoma kujadili bajeti: hizi za hospitali, hizi za barabara, hizi za shule.

Hazina ndiyo mlango wa kwanza wa fedha ya shule, na ndiyo inayomlipa mwalimu wenu. Mwalimu wa Rulenge, mwalimu wa Nyakahura na mwalimu wa Ilala, Dar es Salaam, wakiwa daraja moja, mshahara wao ni mmoja. Msilione hilo dogo. Huko Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye majimbo na serikali za mitaa, hasa kodi ya majengo, na serikali kuu kwa kawaida hutoa chini ya moja ya kumi. Mtaa wenye majumba ya kifahari una pa kuchota, na mtaa wa wanyonge hubaki ukitegemea jimbo liufidie. Tungefuata utaratibu huo hapa, kijiji cha migomba na maharage kingemlipa mwalimu kwa nini? Mimi naona katika hili nchi yetu ilichagua jambo la haki.

Hazina hutoa pia ruzuku ya uendeshaji. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi amepangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Chukueni kalamu tupige hesabu. Elfu sita ukigawa kwa miezi kumi na miwili unapata shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yenye watoto 600 hupata 300,000 kwa mwezi. Humo mwalimu mkuu atoe chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango uliovunjika na mpira wa michezo. Fedha hiyo inasaidia, lakini ni kidogo, na mwalimu mkuu anayeifikisha mwisho wa mwezi anastahili heshima yenu.

Utaratibu huu wa elimu bure ulianza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, wakati wa Rais John Magufuli, aliyewahi kuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza 2002, ila michango ilibaki, na mtoto asiyeleta mchango alirudishwa nyumbani. Waraka ule ulifuta ada na michango ya lazima mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akaongeza kidato cha tano na cha sita.

Mlango wa pili ni halmashauri. Mkulima akiuza kahawa, mnunuzi hulipa ushuru wa mazao usiozidi asilimia 3. Nyumba za wageni hulipa, na kampuni hulipa ushuru wa huduma kulingana na mauzo yake. Ndiyo maana Biharamulo wanaufuatilia mgodi wa dhahabu wa Stamigold, na Ngara wanaisubiri nikeli ya Kabanga kwa hamu. Sehemu ya mapato hayo huenda kwenye madawati, vyoo na madarasa. Lakini kila halmashauri hukusanya ndani ya mipaka yake tu. Chato ilipotengwa na Biharamulo mwaka 2005, iliondoka na mwambao wa ziwa, na ushuru wa samaki ukaenda nao.

Mlango wa tatu mmeuona wenyewe, labda hamkuutambua. Ni ile siku kijiji kizima kinapanda mlimani kusomba mawe, kina mama wana ndoo za maji vichwani, vijana wanachoma matofali. Kuta hupanda mpaka kwenye renta, kisha kazi inasimama: ndilo boma. Hapo serikali huombwa ipaue, na kwa miaka kadhaa sasa kiwango kilichotumika kumalizia boma moja ni shilingi 12,500,000. Yapo maboma yaliyosubiri mpaka nyasi zikaota ndani. Hilo linaniuma, kwa sababu jasho la watu limo mle.

Na upo mkopo. Mwaka 2021 nchi ilikopa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa sababu ya UVIKO, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20. Kati ya hayo, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, zile zinazosogezwa karibu na watoto wadogo wanaotembea mbali. Mkopo hurudishwa kwa kodi, na nyinyi mkikua mtakuwa miongoni mwa walipaji.

Sasa nina ombi. Miongozo inaitaka shule ibandike kwenye ubao wa matangazo fedha ilizopokea na jinsi ilivyozitumia. Kesho mkifika, usomeni ubao huo. Mkikuta zimeandikwa, wasimulieni wazazi wenu nyumbani. Mkikuta ubao mtupu, waambieni waende kumuuliza mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa adabu, naye ana wajibu wa kuwajibu.