Pesa Imefika, Sauti Haikufika

Huko Kabazi, juu ya bonde la Subukia, wako wazee ambao simu zao hulia mara moja tu kwa mwezi, wala si kwa sauti ya mtoto bali kwa mlio wa ujumbe wa M-Pesa: mzee huvaa miwani, akalisoma jina la mwanawe aliyeko Nakuru au Nairobi, akaitia simu mfukoni, kisha akarudi kuketi kigodani pake. Chakula hakukosa, alichokosa ni mtu wa kumwuliza rai.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, alieleza kwamba hamu ya kujitoa uhai aghalabu huzaliwa pale fikira mbili zikutanapo katika moyo mmoja: kwamba mtu hana tena walio wake, na kwamba amekuwa mzigo kwa hao awapendao. Hii ya pili naiona kali zaidi kwa wazee wetu. Mwanamume aliyekwisha kuwagawia wanawe shamba, akafiwa na mkewe, na magoti yakamkatalia njia ya kupeleka maziwa, huanza kujihesabu kuwa gharama. Naye, kwa kuwa hana chama wala jumuiya kama walizo nazo akina mama, huisitiri dhiki yake kwa kimya. Basi asemapo, "Afadhali Mungu anichukue nisiwasumbue," yasidhaniwe kuwa ni maneno ya uzee tu. Na aulizwe waziwazi, kwa upole, kama anawaza kujiua, maana swali hilo halimpandikizii wazo, bali humfungulia mlango wa kusema. Kisha afikishwe kwa tabibu, kwani sonona ni maradhi yenye tiba hata kwa mwenye miaka 80.

Faraja yenyewe haihitaji makubwa. Kule San Francisco, kuanzia mwaka 1969, daktari Jerome Motto aliwafuatilia watu 843 waliotoka hospitali na kukataa matibabu zaidi; baadhi yao wakawa wakipelekewa barua fupi za kuwajulia hali, zisizodai jambo lolote, na katika miaka miwili ya mwanzo waliojiua miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wasioandikiwa. Nako Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi 14 kuwasikiliza wenye majonzi juu ya benchi, wazee wakawa ndio watoao msaada.

Hapa Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilikitangua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichomfanya mhalifu yule aliyejaribu kujiua, na jamaa hawana tena sababu ya kuficha; simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Lakini kabla ya simu hiyo yuko jirani. Msichana husimama kwenye ua akasema, "Guka, mtamba wangu amezaa na sasa anapiga mateke nikimkama, nifanyeje?" Mzee huishika bakora yake, akauliza kama kiwele kimevimba, kama ndama ananyonya kwanza, akaeleza kwa kirefu, na msichana akiaga, humwita tena: "Kesho upite uniambie amekubali."