Kumbukumbu na Mpaka Wake: Neno Mwalo katika Kueleza Kasoro ya Kompyuta

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria, mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki kupakuliwa. Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, limepata jina lake katika neno hilo. Taswira ya mwalo yaweza kuifaa hata taaluma ya kompyuta.

Istilahi kumbukumbu humfanya msomaji afikirie kukumbuka na kusahau. Hata hivyo, kumbukumbu ya kompyuta ni mahali: safu ya nafasi zenye namba, ambamo kila programu hugawiwa sehemu yake. Ichukuliwe kwamba mfanyabiashara amepanga mwaloni magunia 20 ya dagaa, kisha karani akaagizwa kupima gunia la 21. Gunia linalofuata ni la mtu mwingine. Akilipima, ataleta hesabu ya uongo. Akilijaza kitu kingine, ameharibu mali isiyo yake.

Kosa la namna hiyo lilitokea tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike iliposambaza faili jipya la programu yake ya ulinzi. Faili lilidai thamani ya 21, ilhali programu ilipewa thamani 20 tu. Majaribio ya awali hayakuihitaji thamani hiyo ya mwisho, hivyo kasoro haikuonekana. Faili liliondolewa baada ya dakika 78. Lakini, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Safari za ndege na huduma za hospitali zilivurugika katika nchi nyingi.

Programu ya kawaida ikivuka mpaka, kiini cha mfumo huisimamisha hiyo peke yake. Programu hii ilikuwa na kiendeshi ndani ya kiini chenyewe, ambako hakuna msimamizi wa juu zaidi. Ndiyo maana mashine nzima ilisimama. Na huko kulikuwa kusoma tu. Kiendeshi kinachoandika nje ya mpaka chaweza kumpa mdukuzi utawala wa mashine yote. Dawa yake ni kuhesabu magunia kabla ya kupima, na ukaguzi huo ndio ulioongezwa baadaye.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, Kiswahili kilipata istilahi za kuitumia kompyuta. Kimebakiwa na kazi ya kueleza jinsi inavyoharibika, ili mtumiaji ajue la kumhoji anayemuuzia.