Ahadi iliyoandikwa kwa watu waliotakiwa kusubiri

Yeremia 29, mstari wa 11, Wakristo wengi wanaujua kwa moyo. Unaandikwa kwenye kalenda za ukutani, kadi za mahafali na vioo vya daladala: Mungu anawawazia watu wake amani, na mbele yao kuna tumaini. Ni ahadi ya kweli. Ila tumezoea kuinyofoa kutoka kwenye barua yake, na barua hiyo ndiyo inayotufundisha namna ya kuishika.

Mwaka 597 KK, Nebukadreza wa Babeli aliuteka Yerusalemu akamhamisha mfalme Yekonia pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi. Yeremia alibaki nyumbani. Barua yake ilipelekwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe waliotumwa Babeli na mfalme Sedekia. Bila shaka wazee wa uhamishoni walitamani kusikia siku ya kurudi. Wakaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake, waoze watoto wao, tena wauombee heri mji uleule uliowachukua mateka. Mungu atawarudisha, lakini baada ya miaka 70. Mtu mzima aliyesikia maneno hayo alielewa kwamba yeye atazikwa Babeli. Ahadi ya tumaini inakuja baada ya habari hiyo.

Isome pamoja na sura ya 28. Humo nabii Hanania, akiwa hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kuwa vyombo vya hekalu vitarudi pamoja na mfalme ndani ya miaka miwili. Yeremia anaitikia amina, kwa sababu hata yeye alitamani iwe hivyo, ila anaonya kwamba nabii wa amani atajulikana neno lake litakapotimia. Ndipo Hanania anaitoa shingoni mwa Yeremia nira ya mti, ishara ya kuitumikia Babeli, na kuivunja. Wote wawili walinena kwa jina la Bwana. Mmoja aliwapa watu muda walioutaka, mwingine aliwapa muda wa Mungu. Hanania alikufa mwaka uleule. Hadi leo wapo watu wanaoahidiwa kazi, mume au mtoto kabla mwezi haujaisha, na siku zikipita wanaambiwa imani yao ni haba. Huo ni ukatili, na Maandiko hayautetei.

Je, wahamishwa waliitikia barua ya Yeremia? Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Babeli vinataja mgao wa mafuta kwa Yekonia na wanawe watano. Vibao vingine, vya tangu mwaka 572 KK, vinatuonyesha watu wa Yuda wakilima mashamba, wakilipa kodi na kuandikiana mikataba katika kijiji kilichoitwa kwa jina la nchi yao. Maisha hayakusimama kungoja ahadi itimie.

Mwaka 539 KK Babeli iliangukia mikononi mwa Koreshi wa Uajemi, na njia ya kurudi ikafunguka. Kitabu cha Danieli, sura ya 9, kinasimulia Danieli akisoma habari za ile miaka 70 katika maandiko ya Yeremia. Hakukaa kitako kwa kuwa muda umekaribia. Alifunga, akavaa magunia, akatubu kwa niaba ya taifa zima. Hivyo ndivyo neno la Mungu linavyomwongoza mtu: linampa la kutumainia kesho, na linamwonyesha la kufanya leo.

Ndugu msomaji, kama umeushika mstari huo huku ukingoja ajira, uponyaji au mtoto aliyepotelea mjini, usiuache. Fungua Yeremia 27 hadi 29, usome kwa mfululizo, kisha umwombe Mungu akuonyeshe bustani yako ya kupanda mwaka huu, na uuombee mtaa unaoishi.