Utalii Baada ya Vita: Funzo Kutoka Rwanda
Wanafunzi wa uzamifu wanaofadhiliwa kutafiti utalii katika nchi zilizotoka vitani hukabiliwa na swali moja: watalii wakirudi, nani hunufaika?

Rwanda ni mfano mmoja. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, nchi hiyo ilifufua utalii wake kwa kutegemea sokwe wa milimani. Kuanzia 2005, asilimia 5 ya mapato ya mbuga za taifa ilitengewa jamii jirani. Mwaka wa 2017 mgao huo ulifika asilimia 10, na kibali cha kuwaona sokwe kikapanda kutoka dola 750 hadi 1,500. Fedha hizo zimejenga shule, zahanati na miradi ya maji.

Wakazi wanaopakana na hifadhi wanahimizwa kuuliza kuhusu mgao wao katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti.