Betri Ikiisha, Tuangalie Waya Kwanza

Pikapu ya kikundi ikishawekwa injini nyingine, mara nyingi betri huanza kuisha. Tusikimbilie kununua mpya. Pesa ni za wanachama.

Kwanza, tuwashe suichi bila kupiga stata. Taa ya betri kwenye dashibodi isipowaka, huenda balbu imeungua au waya wake haukuunganishwa. Alteneta nyingi huamshwa na waya huo.

Pili, tukaze mkanda, kisha tuangalie fyuzi kubwa na waya wa athi kutoka injini hadi bodi. Huo husahaulika sana injini ikibadilishwa.

Tatu, tupime kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6, ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Kwa alteneta zikisoma 14 na kwa betri 12, ubovu uko kwa waya wa katikati.

Tusichomoe betri injini ikinguruma ati tunapima. Hiyo huua alteneta.

Gari lisilochaji lisitoke usiku. Taa zikififia kwenye mteremko wa daraja la Nithi, barabara ya Embu–Meru, hasara si ya betri tena, ni ya watu.