Nani Asikilizaye Mlangoni? Utata wa Huduma Ziamshwazo kwa Soketi katika Linux

Mwanafunzi wa Linux afikapo kwenye huduma ziamshwazo kwa soketi aghalabu hukwama, na kwa maoni yetu kinachomkwamisha ni kitenzi kimoja. Amezoea kusema kwamba programu fulani "inasikiliza" mlango wa mtandao. Hapa programu haisikilizi. Haijaanza hata kuishi.

Ilivyo ni kwamba systemd, iliyotangazwa na Lennart Poettering mwaka 2010 na ambayo leo ndiyo programu ya kwanza kuanza katika matoleo mengi ya Linux, huifungua soketi yenyewe na kuishikilia mithili ya bawabu. Ombi la kwanza lifikapo, ndipo huiamsha huduma na kuikabidhi soketi hiyo ikiwa wazi tayari, katika nafasi namba 3, kwani 0, 1 na 2 zimekwisha kutengewa ingizo, tokeo na makosa. Wazo hili si geni: inetd ya BSD ilifanya kazi kama hiyo tangu miaka ya 1980.

Kwa hiyo faili ni mbili, ya soketi na ya huduma. Mwanafunzi huisimamisha huduma, kisha hushangaa kuiona imefufuka mara mtu anapobisha. Kumbe bawabu hakuambiwa aondoke! Amri ya systemctl humwonya juu ya jambo hilo, ila maonyo husomwa na wachache.

Utata huu una gharama. Ubuntu 22.10, iliyotolewa Oktoba 2022, iliihamishia huduma ya SSH kwenye soketi. Msimamizi aliyebadilisha namba ya mlango katika sshd_config, kama alivyozoea, na kuianzisha huduma upya, aliukuta mlango ni uleule wa 22, kwa kuwa namba iliyofuatwa sasa ni ile ya faili ya soketi. Aliyedhani ameufunga mlango aliuacha wazi. Katika toleo la 24.04 namba ya sshd_config husomwa tena, lakini yapasa kwanza systemd isome upya faili zake, kisha soketi, wala si huduma, ianzishwe upya.

Limebaki neno Accept. Likiwa "no", ndiyo kawaida, huduma moja huwapokea wageni wote. Likiwa "yes", kila mgeni huamshiwa nakala yake, na jina la faili ya huduma sharti liwe na alama ya @ kabla ya nukta.