NGUCHIRO NA BUNDI: NI YUPI WA KUOGOPWA?

Ndugu msomaji, mwezi uliopita tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba kutoa elimu ya afya, tulikuta vijana wamempiga bundi mawe mpaka akafa. Walisema, "Amelia juu ya paa, kuna mtu atakufa." Wiki hiyo hiyo tulikuta watoto wamemfunga nguchiro kamba wanamchezea. Tuwalinganishe viumbe hawa wawili.

WANAFANANA WAPI?
Wote hula panya. Panya wanaharibu unga na maharage ya mgao wetu, na mkojo wao huweza kuleta homa ya mgunda, ugonjwa unaoharibu ini na figo. Aina nyingi za nguchiro huwinda mchana, na hula pia nyoka, wadudu, mayai na vifaranga. Bundi huwinda usiku. Humsikia panya gizani, na mabawa yake hayapigi kelele. Panya humeza mzima, kisha hutema donge la manyoya na mifupa. Ukiliona donge hilo chini ya mti, usidhani ni uchawi. Ni mabaki ya panya aliyekuwa akila chakula chako.

WANATOFAUTIANA WAPI?
Nguchiro ni mnyama anayenyonyesha, kama mbwa. Anaweza kupata kichaa cha mbwa na kumwambukiza mtu kwa kumng'ata. Akiugua anaweza kupoteza woga na kuwasogelea watu. Kwa hiyo nguchiro wa porini anayeonekana mpole, mkimbie. Bundi ni ndege, haleti kichaa cha mbwa. Akilia anamwita mwenzake, hamwiti marehemu.

TUFANYE NINI?
1. Usimshike nguchiro, awe mzima au amekufa. Wafundishe watoto.
2. Uking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Nenda zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje dalili: zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.
3. Usimpige bundi mawe wala usiharibu kiota chake.
4. Usitege sumu ya panya ovyo. Bundi akila panya mwenye sumu hufa naye, na mtoto anaweza kuiokota. Funika chakula na fukia takataka.

Ndugu zangu, tunayemwogopa anatulindia unga, na tunayemchezea anaweza kutuua. Tubadilike.